Bandama Langu na Wote Niliowashuku

Nilianza kwa kumshuku ng'ombe. Baada ya ng'ombe nikamshuku mwenye ng'ombe, kisha wifi yangu, kisha nesi, kisha daktari na waya wake, na kuna wiki nzima nilimshuku hata mume wangu, mtu ambaye hawezi kuficha kipande cha sabuni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ndivyo nilivyo. Nikipewa chenji naihesabu mara mbili, na nikisifiwa najiuliza mtu anataka nini. Nilidhani tabia hiyo ingenilinda nilipougua, kumbe niliielekeza kila upande isipokuwa ule uliokuwa na hatari.

Naitwa Kristina, lakini hapa Msanzi wananiita Mama Vitus. Nina miaka arobaini na minne na watoto watano. Mume wangu anafundisha shule ya msingi, na watu wote, mimi pia, tunamwita Mwalimu. Mshahara kwetu haukuondolei shamba. Tunalima mahindi na ulezi, na mvua zikianza Mwalimu hushika plau kila Jumamosi, mimi naongoza ng'ombe mbele.

Desemba ile ng'ombe wetu mmoja alikuwa anaumwa kwato. Tukaazima dume la Masanja, jirani yetu Msukuma aliyehamia huku na mifugo yake miaka mingi iliyopita. Sasa kosa langu ni hili: ng'ombe yule alilelewa kwa Kisukuma, mimi nikawa namwamuru kwa Kifipa. Nikimwambia simama, anakwenda. Nikimwambia geuka, ananitazama tu. Tulipofika mwisho wa mstari wa nne nilimvuta kamba kwa hasira, naye akageuza kichwa chote kwa mara moja. Pembe haikunichoma. Ni ule ubavu wa kichwa, mzito, ulionipata chini ya mbavu za kushoto. Nilianguka, nikakaa kidogo, nikasimama. Tulilima mistari miwili zaidi kwa sababu mawingu yalikuwa yameshafunga.

Jioni nilikuwa nimevimba kidogo na kuchubuka. Masanja alikuja kuuliza hali, akaleta maziwa kwenye chupa ya lita tano. Nilimshukuru mbele ya macho yake. Alipoondoka nikawapa nguruwe. Nilijiambia kwamba mtu anayemwazimisha jirani yake ng'ombe mkali na kuja na maziwa siku hiyo hiyo ana lake jambo.

Siku ya tatu mama yangu alifika kutoka Mwimbi.

Lazima nieleze kuhusu mama. Ni mjane, anakaribia miaka sabini, na kazi yake inayojulikana ni kukanda bandama. Watu wa bondeni, wa Milepa na vijiji vya huko kwenye malaria nyingi, hupanda mlima na watoto wenye matumbo yaliyojaa upande wa kushoto, wakiulizia nyumba ya mama. Yeye huchemsha maji, huloweka kitambaa, hupaka mafuta ya nyonyo, kisha huminya chini ya mbavu kwa kiganja mpaka mtoto atoke jasho. Bandama likiwa sugu huchanja chale tatu kwa wembe mpya na kusugua dawa. Amenikanda mimi, amewakanda ndugu zangu, amewakanda watoto wangu watatu kati ya watano. Hachukui malipo makubwa. Mara nyingi ni kuku au debe la mahindi. Kwa hiyo alipoingia ndani, akanilaza mkekani na kuomba maji ya moto, hakuna aliyeona kitu cha ajabu. Mimi nilifurahi kuliko wote. Nilikuwa nimerudi kuwa mtoto.

Alinikanda kila baada ya siku mbili, mpaka Krismasi ikapita. Akiminya nilisikia nafuu ya muda mfupi, halafu maumivu yalipanda mpaka bega la kushoto. Nilimwambia.

"Unahama," alisema. "Ugonjwa ukianza kuhama, unatafuta njia ya kutoka."

Wiki ya pili ya Januari aliniongezea chale. Wiki hiyo hiyo, nikiwa napalilia, jembe likawa zito mikononi, jasho la baridi likanitoka, na mahindi yote nikayaona meupe. Nilizinduka kwenye kiti cha nyuma cha gari la mwalimu mkuu, kichwa changu mapajani mwa Mwalimu, tukielekea Sumbawanga mjini.

Hospitalini walinipaka kile kimafuta cha baridi tumboni na kunipima kwa mashine ya picha. Daktari aliipitisha mashine ubavuni mara tatu. Halafu akatueleza kwamba bandama limeumia, kuna damu imevuja pembeni yake, ila kwa sasa imetulia, na nitalala kitandani bila kunyanyuka mpaka waone inaelekea wapi. Kisha akauliza, akiwa ameshika kalamu:

"Tangu uumie, kuna mtu yeyote amekuminya au kukukanda hapa?"

Mama, aliyekuja nasi, alikuwa amesimama upande wa miguu yangu, ameshika kitenge changu.

"Hapana," nikasema.

"Na hizi chale?"

"Za utotoni."

Zilikuwa na siku sita, bado zina magamba. Daktari alizitazama, akanitazama, akaandika. Sijui aliandika nini. Nilichokuwa nakifikiria wakati ule ni kwamba wataalamu hawa wanatafuta sababu ya kumtukana mama yangu, na kwamba swali lenyewe ni mtego. Wewe unayesoma haya ukiwa umelala mahali kama pale, tafadhali usinifuate. Swali lile si mtego. Ni swali tu, na jibu lake linaweza kukuokoa.

Wodini tulikuwa kumi na wawili. Nesi wa zamu ya mchana aliitwa Neema, binti mwembamba, mwepesi wa kutembea, aliyeniita mama na kunikemea kila nilipotaka kukaa. Nilimshuku kwa ule wepesi wake. Nilikuwa nimejiwekea akilini kwamba mtu anayefanya kazi ya sindano haraka namna ile lazima atakosea siku moja. Siku ya nne, saa za wagonjwa kuonwa, alinichoma dawa kupitia mpira wa dripu, akaandika kwenye faili, akaenda kitanda cha pili. Mama alikuwa amekuja na uji. Aliuweka chini, akafunika upande wangu kwa kitenge kama mtu anayenibadilisha nguo, akaingiza mkono.

"Mama, wamekataza," nilinong'ona.

"Wanakulaza tu. Litaganda hilo."

Aliminya mara tatu. Ya tatu nilisikia kitu ndani kikiachia, kama uzi unaokatika kwenye nguo. Sikupata nafasi ya kulia. Nilimwona mama akinyanyua mkono wake haraka na kuutazama, na baada ya hapo sikuona kitu.

Nilipozinduka nilikuwa naongezwa damu, na Mwalimu alikuwa amesimama kwenye korido akiongea kwa ile sauti anayotumia kwa wanafunzi waliovunja dirisha. Nilimsikia mama akijibu: "Nesi alimchoma sindano, hapo hapo akazimia." Hakusema uongo wowote. Sindano ilichomwa, na mimi nilizimia. Aliruka tu jambo lililokuwa katikati.

Mwalimu aliingia akaniuliza, "Ni kweli? Baada ya sindano?"

Nilifumba macho. Nikatikisa kichwa kukubali.

Kesho yake aliandika barua ya malalamiko, kurasa mbili, mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Neema sikumwona tena wodini. Mama wa kitanda cha jirani, mwenye masikio marefu, aliniambia amehamishwa, na kwamba anatakiwa kujieleza kwa maandishi. Nilisema asante kwa taarifa. Nilijiambia kwamba huenda sindano nayo ilichangia. Nani ajuaye wanachotia mle. Unaona mwenyewe jinsi tabia ya kushuku inavyoweza kumtumikia mtu vizuri anapotaka kujificha.

Kwa kuwa damu ilikuwa imevuja mara ya pili, walinipeleka Mbeya kwa gari la wagonjwa, kwa ajili ya kipimo kikubwa zaidi. Mwalimu alibaki na watoto na shule. Mama nilimwambia arudi Mwimbi akapumzike, na alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Aliyenisindikiza ni wifi yangu Firmina, mdogo wake Mwalimu, mwanamke ambaye tangu niolewe hatujawahi kula chungu kimoja bila mmoja wetu kulalamikia chumvi.

Kusubiri kipimo Mbeya kulinifundisha benchi. Benchi la hospitali lina sheria zake: unakaa mwishoni, na kila jina likiitwa mnasogea wote, tako moja kwa wakati, mpaka unafika mlangoni umechoka kama uliyetembea. Mimi nilikuwa kwenye kitanda cha magurudumu pembeni ya benchi, kwa hiyo watu waliniangalia usoni na kunipangia magonjwa. Mama mmoja mwenye shuka jekundu aliniuliza naumwa nini. Nikasema tumbo. Akauliza, tumbo la nini. Nikasema tumbo la kawaida. Firmina akadakia: "Amepigwa na ng'ombe, shangazi, bandama limepasuka." Nilimkasirikia mpaka jioni. Niliona anatangaza ugonjwa wangu ili nikifa pasiwe na maswali.

Daktari wa Mbeya alitueleza kwamba mshipa mmoja unaoingia kwenye bandama umejeruhiwa na umetoa kipuvu, kama ile sehemu ya mpira wa baiskeli inayochomoza kabla ya kupasuka. Kikipasuka, alisema, hatuna muda wa kufika popote. Njia ni mbili: kupasuliwa na kutolewa bandama lote, au kwenda Dar es Salaam ambako kuna madaktari wanaopita ndani ya mishipa kwa waya mwembamba na kuziba palipoharibika, bila kukata tumbo. Bima ya Mwalimu ingekubali. Nilimuuliza kwa nini wengine wanakatwa na mimi nisikatwe. Akasema kwa sababu damu yangu imetulia tena na ninaweza kufika. Nilimuuliza tena kwa maneno mengine, nione kama jibu litabadilika. Halikubadilika.

Dar kulikuwa na joto la mwezi wa pili. Mtu aliyezoea baridi ya Ufipa, tunakolala na mablanketi mawili hata mwezi wa nane, analala pale kama samaki aliyeanikwa. Nilikuwa nimekonda mpaka pete ilikuwa inanitoka yenyewe. Firmina akaivaa yeye ili isipotee. Hebu fikiria nilivyoutazama mkono ule. Alinipangusa kwa maji, alinigeuza, alinishikia beseni nilipotapika, na mimi nilikuwa nahesabu siku ambazo pete yangu imekaa kwenye kidole chake. Siku moja alitoa kwenye mkoba unga wa ulezi aliokuwa ameubeba tangu nyumbani bila kuniambia, akaenda kuomba jiko kwa watu asiowajua, akarudi na uji kwenye chupa ya chai. Nilikunywa vikombe viwili. Nililia, nikamwambia ni moshi, ingawa wodini hakukuwa na moshi. Akasema, "Sawa, wifi. Ni moshi."

Daktari wa waya alikuwa kijana, amevaa raba. Hilo halikunipendeza. Alikaa kwenye kitanda changu na kunieleza kwamba watapita kwenye paja, karibu na kinena, wafuate mshipa mpaka kwenye bandama, wakifika waache vijispringi vidogo vitakavyoziba.

"Unaacha chuma ndani yangu?"

"Ndiyo, mama. Vinabaki humo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uzeeni."

Nikamwambia anionyeshe. Nilidhani atakataa, na kukataa kwake kungenipa sababu ya kurudi Msanzi. Aliondoka, akarudi na kimoja kwenye kipakti cha plastiki. Kilikuwa kidogo kuliko springi ya kalamu ya wino. Nilikigeuza, nikakigeuza tena. Nikamuuliza swali nililokuwa nimelibeba tangu Sumbawanga, lakini nikalivalisha nguo za mtu mwingine: "Kwa mfano, mtu mwenye kidonda kama hiki akikandwa, inakuwaje?"

"Mtu akiminya pale anaweza kumuua mgonjwa kwa kiganja kimoja," alisema. "Kwa nini, kuna aliyekuminya?"

"Nauliza tu," nikasema.

Siku ya matibabu sikulazwa usingizi. Walinichoma ganzi kinenani, wakavaa yale makoti mazito ya kuzuia mionzi, wakaanza. Kulikuwa na baridi kama nyumbani, jambo la kwanza kunifurahisha Dar. Nilisikia kusukumwa, si maumivu. Kisha daktari akasema nitasikia joto, na kweli joto likanitembea kuanzia kifuani mpaka chini, nikaamini kabisa nimejikojolea. Nikamlaumu nesi aliyekuwa karibu kwamba amenimwagia maji. Akafunua, akanionyesha shuka kavu. Hakucheka, au alichekea nyuma ya barakoa.

Daktari aliniruhusu kugeuza shingo nitazame kioo. Niliona mishipa yangu mwenyewe, myeusi, ikitawanyika, na kati yake kile kipuvu, duara dogo linalojaa na kupungua kwa mapigo ya moyo wangu. Nilikiogopa. Kikawekewa springi, moja, ya pili, ya tatu. Wakaingiza tena ile dawa yao ya joto inayoonyesha mishipa, na duara halikujaa.

"Imekwisha?" nikauliza.

"Imekwisha."

"Mbona hujakata popote?"

"Ndiyo maana ulikuja huku, mama."

Nililala chali saa sita bila kukunja mguu. Baada ya hapo yalifuata mambo ambayo ningependa mtu angenieleza mapema kwa lugha ya nyumbani. Ubavu uliniuma siku tisa, kuliko hata siku ya ng'ombe. Homa ilipanda na kushuka. Bega liliuma. Chakula kilininukia kama kutu. Walisema ni sehemu ya bandama iliyokosa damu inayokufa taratibu, na itapita. Mimi nilishuku wamekosea na wanapanga jinsi ya kuniambia. Ikapita. Walinipa chanjo, wakaniagiza nikipata homa yoyote nisikae nyumbani hata siku moja, nisibebe kizito kwa miezi mitatu, na mtu yeyote asinikande ubavu ule. Hilo la mwisho daktari wa raba alilisema mara mbili, akimtazama Firmina, maskini, ambaye maishani mwake hajawahi kukanda kitu zaidi ya ngano ya maandazi. Siku ya kupanda basi alivua pete, akanivisha, akaifunga kwa uzi chini ili isinitoke.

Tulirudi Machi, mvua zikiwa bado zinapiga, barabara ya kwetu ni tope. Watu walikuja kunipa pole na kuona mshono. Hakukuwa na mshono. Nilikuwa na kidoti kinenani, mahali ambapo siwezi kumwonyesha mtu. Mama mkwe alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Kwa hiyo walikupa vidonge tu." Hata mimi kulikuwa na siku nilijipapasa tumbo na kujiuliza kama ile picha kwenye kioo ilikuwa yangu au walinionyesha ya mtu mwingine.

Mwalimu alichota maji mwenyewe, mbele ya wanafunzi wake, ndoo mbili kila asubuhi. Usiku alilala ukingoni mwa kitanda, mbali nami. Nilimshuku kwa wiki nzima, nikanusa mashati yake, nikaulizauliza kwa wanakwaya wenzake. Mwisho nikamkabili. Akasema, "Naogopa nitakugonga ubavu nikigeuka." Alikuwa ameogopa kwa wiki tano na hakuniambia. Masanja naye aliendelea kuleta maziwa kila Jumapili. Nikaanza kuyanywa.

Mama hakuja. Alituma salamu, alituma maharage, alituma mafuta ya nyonyo. Hakuja mwenyewe.

Mwezi wa sita, ulezi ukivunwa, nilikwenda mjini kwa kipimo cha kuangalia. Mshipa ulikuwa umekaa vizuri, damu inapita panapotakiwa tu. Nilitoka nje nimefurahi, na kwenye dirisha la kadi nikamkuta Neema. Walimweka pale kupanga mafaili.

"Shikamoo, mama," alisema. "Umepona. Namshukuru Mungu."

Niliitikia. Nikataka kupita. Akanifuata mpaka kwenye ngazi.

"Mama, sikuulizi kwa ugomvi. Mimi niambie tu nilikosea wapi. Ile dawa nimeiangalia kwenye faili zaidi ya mara ishirini. Nashindwa kuchoma mtu sasa hivi. Niambie nijue."

Aliongea taratibu kama mtu anayeuliza njia. Ningeweza kumjibu lolote. Nilikaa kwenye ngazi, nikamwambia yote: mkeka, chale, kitenge, ile mara ya tatu. Nilitegemea anitukane. Alifuta macho kwa mkono wa sare, akauliza:

"Na mama yako bado anakanda?"



Jioni ile nilimweleza Mwalimu. Sijawahi kumwona amekasirika namna ile, kwa sababu hakupaza sauti. Aliandika barua nyingine, fupi, ya kuifuta ile ya kwanza, akanipa kalamu nisaini na mimi. Tuliipeleka pamoja kwa msimamizi wa wauguzi. Wiki mbili baadaye Neema alirudishwa wodini. Bado kulikuwa na Mwimbi. Niliahirisha, nikaahirisha, mpaka Mwalimu akasema, "Usipokwenda wewe nitakwenda mimi, nami sitajua kumwambia vizuri."

Nilifika Mwimbi asubuhi ya Julai, upepo wa baridi unakata masikio. Mama alikuwa uani anakamua kitambaa juu ya beseni lenye mvuke. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa ndiyo kwanza ametoka langoni. Tulisalimiana kwa Kifipa, akanitazama mwili mzima, akanivutia kigoda.

"Mama, ile siku ya hospitali haikuwa sindano."

Akaendelea kukamua.

"Nesi hakukosea kitu. Ni pale uliponiminya."

"Nimekanda watoto tangu hujazaliwa," alisema.

"Najua. Lakini daktari wa Dar aliniambia mtu akiminya pale anaweza kuua. Mimi niliwaficha kwamba ulinikanda."

Nilijiandaa kwa kilio, au kwa laana. Aliinua uso.

"Dar ulikwenda mwezi wa pili."

"Ndiyo."

"Huu ni wa saba."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilishuku mkono wangu siku ile ile. Nikasema, kama ni mimi, mwanangu ataniambia. Hukuniambia. Nikasema basi, si mimi. Nikaendelea." Aliacha kitambaa kikadondoka kwenye beseni. "Kumbe ulijua. Ukaniacha na watoto wa watu."

Nilikuwa nimejiona ninamlinda mama yangu. Nilikuwa nimejihurumia sana kwa mzigo huo. Sikuwa nimewafikiria wale watoto hata mara moja, na aibu niliyoipata kwenye kigoda kile sijawahi kuipata mahali pengine.

Mama alianza kuwataja mmoja mmoja watoto aliowakanda tangu siku ile, akikunja vidole. Walifika tisa. Wa tisa ndiye aliyetoka langoni. Mama akasimama, akatoka mbio, peku, khanga inamdondoka, akimwita yule mwanamke asimame. Nami nilimfuata kwa mwendo wangu wa kushika ubavu. Alimwambia ampeleke mtoto zahanati siku hiyo hiyo. Yule mwanamke alitutazama kama matapeli, lakini alikwenda.

Tulizunguka siku nne. Saba wengine tuliwakuta wanacheza. Mama hakuwagusa, alifunga mikono mgongoni na kuwaambia wazazi wao wasiwalete tena. Njia nzima hakuniongelesha zaidi ya salamu na "njoo tule." Wa mwisho alikuwa binti wa miaka minane, Milepa, kule bondeni. Tulimkuta amelala kwenye mkeka kivulini, midomo imepauka. Mama yake alisema tangu akandwe mara ya mwisho analalamika bega. Nilipolisikia neno bega, nilimtafuta mwenye gari kabla hajamaliza kueleza.

Nikwambie mapema kwamba mtoto yule ni mzima. Alilazwa wiki mbili, akaongezwa damu, hakupasuliwa, amerudi shule. Ila mchana ule hatukujua. Tulikaa kwenye benchi la mapokezi Sumbawanga, binti amelala mapajani mwa mama yake, mama yangu katikati, mimi mwishoni. Daktari alitoka na karatasi yake. Kabla hajafungua mdomo, mama alisimama.

"Daktari, huyu mtoto nimemkanda mimi," alisema. "Mara tatu. Hapa, na hapa, kwa nguvu."

Daktari akaandika, akamshukuru, akaita machela. Yote hayo hayakufika dakika moja. Mimi yalinichukua miezi sita.